Fundi wa kunguni aliyekataa kupuliza dawa (Tanga)

Nimechelewa kuandika hii maana nlitaka kwanza wiki mbili ziishe, sasa zimeisha na fundi karudi juzi kama alivyoahidi. Ni rivyu ya fundi wa wadudu, sio ya dawa, kwa sababu dawa ya kunguni hakupuliza hata tone na ndo maana nampa nyota 4.

Nina vyumba viwili Chumbageni, navipangisha kwa siku kupitia apu, wageni wengi ni watu wa Dar wanaokuja kwenye harusi au kikazi, na wazungu wachache wanaopita kwenda Mapango ya Amboni au Pangani. Mwezi uliopita kaja kaka mmoja, siku tatu, mpole kabisa, siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, hata kanisifia mapazia. Usiku wa mwisho saa 5 na dakika 40 simu inalia, na ni WhatsApp, sio kwenye apu: "Dada hapa kwako kuna kunguni, nimeumwa mwili mzima, nirudishie hela yote ya siku tatu la sivyo nakupa nyota moja na picha naweka." Picha ikafuata, mdudu mmoja wa kahawia kwenye shuka jeupe, na ya pili mguu wenye vipele vitatu.

Jamani nilitetemeka. Mende mgeni anaweza kuvumilia, sisimizi ndo usiseme, Tanga hii nani hana sisimizi, lakini kunguni ukishaandikwa mara moja umekwisha. Kilichonijia kwanza ni kumjibu kwa hasira kwamba kwangu hakuna kunguni na hawajawahi kuwepo, cha pili nimtumie hela alale tuachane. Sikufanya hata kimoja, na hapo namshukuru shoga yangu wa Raskazone ambae yalishamkuta: yeye alirudisha hela usiku huohuo bila hata kufungua mlango wa chumba, asubuhi mgeni akaandika kuwa kunguni wapo na mwenye nyumba mwenyewe kakiri ndo maana karudisha. Hela imeenda na jina limeenda.

Kwa hiyo nikamjibu palepale kwenye apu, sio WhatsApp. Nimeiweka hapa kama nilivyoandika maana kuna watu wameniomba: "Kaka pole sana, na samahani kwa usumbufu. Naomba unitumie humu picha ya pale ulipomkuta mdudu, ya godoro na ubao wa kitanda, taa ikiwa imewashwa. Chumba cha pili kiko wazi, unaweza kuhamia sasa hivi ukitaka, ila mabegi yaache hapohapo kwanza. Asubuhi naleta fundi akague." Basi. Sikusema ni kweli, sikusema ni uongo. Kwenye apu ninayotumia mgeni ana saa 72 tangu aone tatizo kuliripoti, kwa hiyo kumwambia "mbona hukusema juzi" ni kujichosha bure, ila pia apu hiyohiyo inakataza mgeni kudai hela kwa kutishia rivyu, na ile meseji yake ya kwanza ilikua ni hiyo hasa, kaiandika kwa mkono wake. Nikapiga skrinshoti.

Hakutaka kuhama. "Mi nataka hela tu dada." Mtu kaumwa mwili mzima, kuna chumba safi mlango wa pili, saa 6 usiku, hataki. Nikaliweka moyoni hilo, sikulisema.

Asubuhi kaondoka mapema, nikaanza kutafuta fundi. Wa kwanza nilimpata kwa simu, hakuniuliza hata mdudu gani, kaniambia "laki tatu na nusu vyumba vyote viwili, napuliza leo leo, kesho mnalala". Nilikua karibu nikubali, wallah, maana ukiwa na hofu mtu yeyote anaetaja bei unamuona mkombozi. Wa pili, ndo huyu, nilipewa namba yake na mama mwenye gesti kule Ngamiani. Akasema taratibu kabisa: "Mama, mimi sipulizi kabla sijamuona mdudu. Kukagua ni elfu arobaini. Nikimkuta tutaongea, nisipomkuta nakuandikia sijamkuta."

Alisema atakuja saa 3, kaja saa 5. Masaa mawili nimekaa barazani kama niliyeposwa. Kaja na baiskeli, begi dogo mgongoni, hana bomba hana barakoa, dada wa usafi akaanza kucheka, huyu ndo fundi au kaja kusoma mita ya umeme.

Begi lilikua na tochi kali, bisibisi, selotepu, kioo kidogo cha mkono na kadi ya benki iliyokwisha muda. Na hiyo kadi ndo ilifanya kazi kubwa. Alilivua shuka taratibu bila kulikung'uta, akapiga magoti, akaanza kuipitisha kadi kwenye mshono wa godoro kuanzia upande wa kichwani, kidole kwa kidole, tochi ameilaza pembeni ili kivuli kionekane, kila anapotoa kadi anaitazama kwanza. Godoro lote, juu na chini. Halafu akafungua skrubu za ubao wa kichwani (kitanda changu ni cha mninga, kizito, tulishika watu watatu), akamulika kila tundu la skrubu, akanyanyua chaga moja moja, akaangalia nyuma ya soketi, pindo la pazia, chini ya kochi. Chumba kimoja saa nzima na zaidi, na mimi namfuata nyuma kama mwanafunzi.

Anachotafuta sio mdudu peke yake, kumbe. Anatafuta madoa meusi kama umegusa ncha ya biro, ukipitisha kitambaa kibichi yanatoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi chake, ni damu iliyosagwa. Anatafuta magamba, kwa sababu kunguni mdogo anajivua mara 5 mpaka awe mkubwa na kila mara lazima anyonye kwanza. Anatafuta mayai, meupe, milimita 1 hivi, yamegandishwa kwenye mbao. Mkubwa mwenyewe ni saizi ya dengu, kwa hiyo anaonekana kwa macho, asikwambie mtu ni mdudu wa darubini. Kwangu hakukua na doa, gamba wala yai. Akasema: "Wakiishi hapa wangeacha uchafu. Mmoja peke yake bila doa hata moja, huyo kaja na basi."

Kisha akaomba aione ile picha. Akaikuza kwa vidole, akaisogeza kwenye kona, akanirudishia simu bila kusema kitu. Kwenye kona kulikua na kipande cha neti, ya bluu. Neti zangu zote mbili ni nyeupe. Ile picha nilishaitazama labda mara thelathini usiku kucha, namtazama mdudu tu, neti sikuiona.

Nikataka nimpigie yule kaka palepale. Fundi akanizuia, na maneno aliyoniambia ndo yalikua na thamani ya ile elfu arobaini. Kwamba picha inaweza isiwe ya kwangu lakini vipele vikawa vya kweli. Watu wengine ngozi yao inachelewa, wanaumwa leo kipele kinatoka baada ya siku kadhaa, wengine hata wiki mbili, na yule kaka alishaniambia mwenyewe siku ya kwanza kwamba ametokea kulala sehemu nyingine. Au ni usubi tu, alikua anakaa barazani na kaptula mpaka usiku na vipele vyote ni vya mguuni. "Kipele hakina jina," akasema, ukikiangalia huwezi kujua nani kauma, hata daktari anakisia tu. Halafu: ikiwa kweli kalala penye kunguni kabla ya kuja kwako, basi begi lake limekaa chumbani kwako siku tatu, na jike moja lenye mayai linatosha. Wewe unafikiria hela mama, fikiria chumba.

Hapo nilinyamaza. Maana mi nilishamaliza kesi kichwani, nimeshinda, na kumbe chumba kinaweza kuwa kimeshaingiliwa na huyohuyo ninayemuona tapeli.

Basi akaweka visahani vya plastiki chini ya miguu yote minne ya kitanda, ndani kapaka poda ya mtoto, kunguni akiingia kwenye sahani yenye poda hawezi kupanda ukuta wake akatoka. Kitanda kikasogezwa kisiguse ukuta, neti na shuka visiguse chini. Mashuka tukayafunga kwenye mfuko humohumo chumbani, sio kuyaburuta koridoni, yakaenda kwenye maji ya moto na pasi kwenye mishono. Nikauliza nifunge chumba wiki mbili? Akasema ukifunga hutajua kitu, kunguni anakaa miezi bila kula, chumba kikiwa kitupu anatulia tu, lazima mtu alale ndo atoke. Kwa hiyo mpwa wangu anaesoma chuo kalala wiki mbili kama chambo, na kafurahi kuliko mtu yeyote kwenye hii hadithi, eesi bure na waifai bure, mama yake ananiuliza mtoto wangu anarudi lini.

Kuhusu dawa nilimbana kidogo, kwa nini usipulize tu kwa usalama. Akanieleza kwamba dawa nyingi za dukani ni za kundi moja, pairethroidi, na kunguni wengi wameshazizoea, unampulizia anatembea. Ile ya moshi haingii kwenye tundu la skrubu, inawatawanya tu, walikua kichwani mwa kitanda sasa wako chumba cha pili. Na akasema kuna watu wanapuliza godoro kwa dawa za shambani, watu walale juu yake, hiyo nimeshaisikia hata mimi. Ukileta fundi muombe akuonyeshe chupa yenye lebo, uangalie kama imesajiliwa na TPHPA (mamlaka ya serikali ya viuatilifu) na kama imeandikwa ni ya ndani ya nyumba. Ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, mfukuze.

Sasa aibu yangu. Kunguni hakuwakuta, ila nyuma ya friji kakuta mende, wadogo wale wa rangi ya chai, sio mmoja. Akaweka jeli, elfu tano juu.

Ripoti ndo ilitusumbua. Alinitumia voisi ya dakika nne, nzuri sana, na kuku wanasikika nyuma. Nikamwambia fundi apu haisikilizi voisi, niandikie: tarehe, saa ngapi mpaka saa ngapi, vyumba gani, umeangalia nini na nini, umekuta nini. Akaandika kwa mkono, vizuri tu, ila mende kawaacha. "Nimekusitiri mama." Nikamwambia waandike na mende, maana karatasi inayosema kila kitu kizuri inanuka kupikwa. Akacheka, akaongeza.

Nikatuma kwenye apu ripoti, picha za kitanda kilivyofunguliwa, picha ya neti yangu na ile picha yake ya mdudu pamoja na swali moja tu, "naomba kufahamu hii picha ilipigwa chumba kipi". Yule kaka hakujibu. Siku ya pili apu wakasema hela hairudi. Rivyu aliandika, nyota 3, "pazuri ila kuna wadudu". Nikamjibu chini yake mistari miwili, kwamba chumba kilikaguliwa na fundi tarehe fulani, kunguni hawakukutwa, mende walikutwa jikoni na wameshughulikiwa, karibu tena. Neti sikuitaja. Wanaosoma pale ni wageni wangu wa kesho, hawana haja ya kuona nagombana.

Juzi fundi karudi bila kudai senti. Visahani vitatu vitupu, cha nne kina sisimizi wawili na kifungo cha shati la mpwa wangu. Kapitisha kadi tena godoro lote, hakuna kitu, kaandika karatasi ya pili bila kuambiwa.

Nyota moja nimeikata kwa yale masaa mawili, kwa risiti aliyochana kwenye daftari la shule ambayo mara ya kwanza haikua na tarehe, na kwa poda aliyoiacha sakafuni dada wa usafi akanisema mimi. Na anaongea sana, akianza habari za papasi na utitiri wa kuku chai inapoa. Vyumba viwili elfu arobaini, mende elfu tano, marudio bure. Ukimtaka mpigie kabla ya saa 4 asubuhi, baada ya hapo simu iko kwenye begi na yeye yuko chini ya kitanda cha mtu.