Darasa la miji iliyopangwa, Mji wa Kale: shilingi 300 za haki

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Mombasa. Kutwa nzima mazungumzo yangu ni kodi, dipoziti na kilemba, yaani fedha za juu anazotoa mtu ili apate nyumba: huyu nimtafutie vyumba viwili Tudor, yule bedsita Mikindani. Kwa hivyo niliposikia kuna darasa la Jumamosi alasiri linaloeleza jinsi miji ilivyokua katika nchi kama Umoja wa Kisovieti, ambako ardhi haikuuzwa wala kununuliwa, nilikuwa na swali langu tayari. Kama hakuna bei, nani anaamua mtu akae wapi? Nimejibiwa, tena kwa kina, na nawahimiza wenzangu waende.

Darasa liko ghorofani, katika nyumba ya zamani. Anayefundisha ni mpima ardhi mstaafu, na ramani zake kazichora mwenyewe kwa mkono. Unalipa shilingi 300 kwa kikao, kahawa na kashata ndani yake.

Alianza na Gosplan, ofisi iliyoundwa Moscow mwaka 1921, ambayo ilikuja kupanga chuma kiasi gani kitolewe, saruji iende wapi, kiwanda kijengwe wapi. Mji ulifuata kiwanda. Alikaa sana juu ya Magnitogorsk, mji wa chuma ulioanza kujengwa 1929 kule kwenye milima ya Urali, ndani ya mpango wa kwanza wa miaka mitano. Ernst May, msanifu majengo kutoka Frankfurt, aliitwa 1930 aupange. Alipofika akakuta ujenzi umeshaanza na tanuri ndizo zinazotangulizwa. Watu walikaa katika mahema na mabanda, na makazi yakaangukia kwenye njia ya moshi. Sababu yake mwalimu aliieleza vizuri sana: fedha za nyumba, shule na mabomba zilipitia wizara yenye kiwanda, na wizara hiyo ilipimwa kwa tani za chuma. Baraza la mji lilikuwepo, lakini mfuko haukuwa mkononi mwake.

Kikao kilichonitikisa ni cha Paris na Moscow. Alitundika ramani mbili ubavu kwa ubavu. Paris, watu wamesongamana katikati na wanapungua kadiri unavyotoka nje. Moscow ya mwisho wa enzi ya Kisovieti ni kinyume: majengo marefu yenye watu wengi yako pembezoni, na karibu na katikati kuna maeneo makubwa ya viwanda vikuukuu. Kiwanda cha magari cha ZIL kilibaki kilomita chache tu kutoka Kremlin, makao ya serikali katikati ya jiji, hata baada ya dola yenyewe kuvunjika. Meneja asiyelipia ardhi, kuhama kunampunguzia nini? Hapa kisiwani nimeona godauni likiuzwa na kugeuka fleti kwa nguvu ya bei peke yake. Lakini bei hiyohiyo ndiyo inayowavusha wapangaji wangu hadi Likoni, wakaanza siku kwa foleni ya feri. Nalisema hili kwa uchungu, maana hao watu mimi ndiye ninayewapeleka.

Kuhusu mitaa ya Wasovieti, nilitoka na wivu wa kweli. Baada ya amri ya nyumba ya 1957, fleti za ghorofa tano zilijengwa kwa wingi mno, nyingi kwa vipande vya zege vilivyotoka kiwandani. Tano, ili wasihitaji lifti. Jikoni ni mita sita za mraba hivi, na kuta zinapitisha sauti. Lakini shule, chekechea na duka vilipangwa ndani ya mtaa, mtoto asivuke barabara kuu. Na kodi ilikuwa sehemu ndogo sana ya mshahara. Kwetu Bombolulu hilo lingekuwa jambo kubwa.

Bei ilipoondolewa, mahali pake palikaliwa na kibali na foleni. Kuanzia 1932 hukuweza kuhamia Moscow bila kuandikishwa ukaazi, na fleti uliingojea miaka. Watu wakawa wanabadilishana nyumba: mmoja ana chumba katikati, mwingine ana viwili pembeni, matangazo yanabandikwa ukutani, na fedha za juu zinapita chini ya meza. Madalali walikuwepo, kwa siri. Niliposikia hivyo niliandika kurasa nzima, kwa sababu ndivyo kilemba kinavyozaliwa popote nyumba zinapokuwa chache.

Upungufu mkubwa ni Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wataalamu wa Ujerumani Mashariki walikuja kusaidia kupanga mji, na majumba marefu ya Michenzani yamesimama hadi leo, barabara mbili zikikatana katikati yake. Wengi wetu tuna ndugu huko. Mwalimu aliipitia mwishoni, harakaharaka, watu wakianza kuaga. Na hakugusa kabisa nyumba za Majengo hapa Mombasa, ambako kuta na paa ni zako lakini ardhi ni ya mwingine, unamlipa kila mwezi. Nilipomuuliza, alikiri kwamba swali hilo linastahili kikao chake.

Ngazi ni nyembamba na zimesimama sana; mzee mwenye magoti mabovu aje na mtu wa kumshika mkono. Feni ni moja, kaeni upande wa dirisha. Duru mpya inaanza baada ya Ramadhani, na ningefurahi sana kuwaona humo vijana wanaosomea mipango miji, maana mimi narudi kwa ajili ya Michenzani na Majengo, kama atatimiza.