Gridi za kujipangia kolamu: kusoma nimeiachia Dapper

Wale wenzangu wa lugha ya C# na databesi ya Postgres, kama una gridi (jedwali la data kwenye skrini) ambayo mtumiaji anajichagulia kolamu za kuona, apange kwa ipi, achuje kwa ipi, ushauri wangu ni kusoma tumia Dapper, kuandika baki na EF Core, zote ni maktaba za C# za kuongea na databesi: Dapper unaiandikia SQL (lugha ya databesi) mwenyewe, EF Core inakuandikia kutokana na klasi zako. Mimi ninazo zote mbili kwenye mfumo mmoja wa saccos na zinaelewana vizuri tu.

EF Core naipenda ila inataka ujue umbo la data mapema. Sasa mhasibu anataka namba ya mwanachama, salio na tawi basi, mtu wa mikopo anataka vingine kabisa, na kesho wanabadilisha. Kujenga kwari (ombi la data) kipande kwa kipande kwa eksipresheni za C# inawezekana lakini msimbo unakuwa mzito, atakayekuja baada yako atapata tabu. Au uvute kolamu zote halafu ufiche kwenye skrini, yaani databesi inabeba mzigo ambao hakuna anayeuangalia.

Dapper ukiita Query bila kuitajia klasi, kila mstari unarudi jina la kolamu na thamani yake, unaupeleka kwenye gridi hivyohivyo. Raha sana.

Ila hapa kuweni makini jamani, jina la kolamu haliendi kama parameta, yaani thamani inayotumwa kando ya SQL. Ukiandika ORDER BY @kolamu (ORDER BY ndiyo sehemu ya SQL ya kupanga mistari) ukaipa "salio", Postgres haikupi hata kosa, inalichukua "salio" kama neno tu ambalo ni lilelile kwa mistari yote, kwa hiyo hakipangwi kitu, mtu anabofya kichwa cha kolamu weee mistari haisogei. Na usije ukaunganisha alichotuma mtumiaji moja kwa moja kwenye SQL, hapo anaweza kukuingizia amri zake. Weka orodha ya kolamu zinazoruhusiwa kwenye seva, kivinjari kitume ufunguo tu, usipokuwepo kwenye orodha kataa. Orodha hiyohiyo natumia kuzuia kolamu kulingana na cheo, maana mshahara wa mwanachama sio wa kila karani kuuona. Thamani za kuchujia ndio zipite kwenye parameta.

Halafu mwisho wa ORDER BY ongeza id kila mara, la sivyo wenye salio sawa wanaweza kutokea ukurasa wa kwanza na wa pili tena, wengine wasionekane kabisa, na kwenye hela za watu hiyo haikubaliki.

Kasoro yake ni kwamba SQL unaandika mwenyewe, ukibadili jina la kolamu kompaila (inayokagua msimbo wa C#) haikuambii kitu. Gridi yenye kolamu zilezile siku zote wala usihangaike, EF Core inatosha.