Fomu ya tathmini ya muuguzi, GP 247: nyota tatu

Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, muuguzi wa kaunti hapa Mombasa hupandishwa cheo na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Bodi haimjui mtu wodini, inasoma faili tu, na ndani ya faili kinachomsemea muuguzi ni fomu hii.

Mpangilio wake hauna neno. Malengo huandikwa Julai, mwaka wa fedha unapoanza, hupitiwa katikati ya mwaka, kisha Juni inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, hutoa alama. Ipo sehemu ya mahitaji ya mafunzo, ambayo wengi huiacha tupu au huandika "semina" basi. Itaje kozi kwa jina, tuseme uuguzi wa figo, na ueleze wodi inaihitajia nini. Siku ya kuomba likizo ya masomo, ombi litakuta njia imeshafyekwa.

Fomu huharibikia kwenye malengo. "Kutoa huduma bora kwa wagonjwa" hakupimiki, kwa hivyo inchaji hukupa alama ya kati na kati asije akaulizwa. Leba, lengo la kushikika ni kama hili: kila mwezi zikaguliwe patografu 10 (chati za kufuatilia uchungu wa uzazi), na zisipungue 9 zenye mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 30 na kipimo cha mlango wa uzazi kila saa 4. Hapo hata inchaji aliyehamia juzi atahesabu mwenyewe. Na mainchaji huhamishwa, ndiyo maana yale mapitio ya katikati ya mwaka si ya kurukwa: aliyekuona ukihangaika Agosti huenda Juni yuko hospitali nyingine. Atie sahihi angali yupo.

Kasoro kubwa ni kwamba rota, ratiba ya shifti, haimo. Inchaji anaweza kukuidhinishia mafunzo kwa kalamu moja na kwa kalamu iyo hiyo akakupanga usiku wa kuamkia siku ya mafunzo. Wenzako wanaandika noti, wewe unasinzia kwenye feri ya Likoni. Peleka ombi la shifti kwa maandishi kabla rota haijabandikwa, uambatishe ukurasa wa mafunzo alioutia sahihi mwenyewe.

Toa kopi ya kila ukurasa. Karatasi hupotelea kati ya wodi na ofisi ya wafanyakazi.

Nyota ya nne tungeitoa kama inchaji naye angepewa alama kwa idadi ya wauguzi aliowafikisha masomoni.