TAHADHARI: mnaosafiri na baiskeli kwa treni kutoka Moshi au Arusha, msimwachie mtu yeyote mzigo wenu nje ya stesheni

Jamani someni hii, hasa nyie mnaotaka kupanda treni na mna baiskeli au mzigo mkubwa. Wiki iliyopita nimelizwa hapa Moshi, 35,000 imeenda na baiskeli ya mdogo wangu imeenda, na aliyetuliza bado yupo mtaani.

Iko hivi. Mdogo wangu kapata kazi Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, chumba alichopata kiko mbali na kazini na ukipiga hesabu ya boda kwenda na kurudi kila siku mshahara wote unaishia barabarani, tukasema basi baiskeli iende naye. Treni ya Arusha kwenda Dar inapita Korogwe, hana haja ya kuhangaika na buti la basi. Tukaenda stesheni siku moja kabla kukata tiketi na kuulizia habari ya baiskeli.

Kabla hata hatujafika dirishani jamaa mmoja akatukuta pale nje, kavaa reflekta ya njano, mkononi ana spana na kitabu cha risiti, kanisalimia vizuri kabisa "shikamoo dada" wakati ni mtu mzima kama mimi tu. Akasema baiskeli haipandi kwa tiketi ya abiria, inataka kibali cha behewa la mizigo, nafasi za baiskeli ni nne tu na tatu zimeshachukuliwa, yeye ndiye anayezipokea. Akataja bei haraka haraka, 20,000 nafasi, 10,000 kufungua na kufunga, 5,000 bima. Nikauliza mbona halipiwi dirishani, akasema pale ni abiria peke yake, mizigo ni kwake.

Kilichoniponza ni kwamba kazi anaijua kweli. Aliipindua baiskeli mbele yetu, akafungua pedali, na mnaofungua baiskeli mnajua pedali ya kushoto inafunguka kinyume, wengi wanaikaza wakidhani wanailegeza, yeye hakubabaika hata kidogo. Akalegeza usukani akaulaza sambamba na tairi la mbele, akafunga cheni na gazeti isichafue mizigo ya watu. Mdogo wangu akaninong'oneza huyu mtu wa hapa hapa. Nikatuma hela kwa simu, na ya kutolea nikaongeza. Meseji ikarudi na jina la mwanamke, nikamuuliza, akasema laini ya wife, yake ina shida. Hapo ndipo nilitakiwa kusimama na sikusimama.

Akaandika risiti, ile ya vitabu vya madukani yenye kaboni ya bluu, "baisikeli 1 Korogwe", muhuri wa duara umefifia husomi kitu. Akasema iacheni nitaiingiza stoo leo, kesho mtaikuta ndani ya behewa.

Kesho yake tumefika mapema, mdogo wangu akaenda na kile kikaratasi kwa wanaopokea mizigo. Yule mama akakigeuza huku na huku akasema mwanangu hii si ya kwetu, nani kakupa? Piga simu, haipatikani. Zunguka nje, hayupo. Boda wa pale wakasema mwezi uliopita kuna mama alipoteza cherehani kwa staili hiyo hiyo. Mdogo wangu alipanda treni machozi yanamlenga, kazini wanamsubiri angefanya nini.

Nimekaa nimewaza kwa nini tumeingia kirahisi hivi na jibu naliona. Treni ya abiria huku kwetu ilikufa tangu miaka ya 90, imerudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Watu wa rika langu tumekua hatujui stesheni inaendeshwaje, basi tunalijua vizuri, kwenye basi unamalizana na konda au wapiga debe na safari inaenda. Kishoka anakaa hapo hapo kwenye kutojua kwetu. Baba yangu aliyekuwa anapanda treni ujana wake nilipomsimulia alishika kichwa, akasema mzigo wa treni unaupeleka mwenyewe ndani, unasimama mpaka unapimwa kwenye mzani, unapewa karatasi yako ndipo unaondoka.

Kwa hiyo ndugu zangu ingieni ndani ya stesheni kwanza, mtu yeyote akikukuta nje mwambie asante na upite, hata awe na reflekta, hata ajue baiskeli kuliko fundi wako. Hela ya serikali siku hizi inalipwa kwa kontroo namba, ukiambiwa tuma kwa namba ya mtu na ya kutolea juu jua umeshaingia mtegoni. Namba iliyokutapeli itumeni 15040, ndiyo namba ya kuripoti matapeli wa simu, mimi nimeshaituma, na RB nimechukua polisi. Halafu kabla ya safari pindua baiskeli uangalie chini ya fremu pale kwenye eksili ya pedali, mara nyingi kuna namba imegongwa kwenye chuma, ipige picha. Mimi sikuwa nayo, askari aliponiuliza baiskeli yako nitaitambuaje nikabaki na rangi tu, na baiskeli za bluu Moshi nzima ni ngapi.

Ila alama zipo nimezikumbuka baadaye. Ni mtumba wa Japani, bluu iliyopauka, kikapu cha mbele kimeshonwa kwa waya upande wa kulia, na kwenye mlingoti wa kiti kuna stika ndogo ya maandishi ya Kijapani ambayo mdogo wangu hakutaka kuibandua tangu ainunue kwa hela ya vibarua vya kahawa. Pedali haina, labda kama huyo jamaa ameshazirudisha. Mafundi wa Mbuyuni, Memorial, Kiboriloni na Njia Panda, ikiletwa kwenu au mkiuziwa bei ya kutupa naombeni mumcheleweshe huyo mtu mpige simu kituo cha polisi cha karibu. Mdogo wangu jana kaniambia anatoka saa kumi usiku kwa miguu ili awahi kazini.