Tahadhari kwa mwaka wa kwanza: muuza majibu ya pepa za programu ni tapeli

Ndugu zangu mnaosubiri mtihani wa mwisho wa utangulizi wa programu, jihadharini na mtu anayedai kuwa aliwahi kuwa msaidizi wa maabara, ambaye anauza kwa shilingi 15,000 kile anachokiita kifurushi cha marudio, yaani pepa za miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Huyo ni tapeli, tena mwenye kauli tamu, na hela aliyoichukua kwangu ilikuwa ya chakula.

Baada ya matokeo mabaya yaliyotukuta kwenye jaribio la pili, sidhani kama kuna wa kunicheka kwa kutafuta msaada. Wala sikumwamini kwa maneno matupu. Nilimwomba sampuli, naye akanitumia picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono, kwa mwandiko safi, ukieleza kitanzi cha for, yaani amri ya kurudia hatua, chenye range(1, 10, 3): anza na 1, ongeza 3 kila mara, koma kabla ya 10. Alikuwa amechora jedwali lenye safu ya i na safu ya jumla, akalishuka mstari kwa mstari: i ikiwa 1 jumla ni 1, ikiwa 4 jumla ni 5, ikiwa 7 jumla ni 12, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba 10 haifikiwi. Jambo lililonisumbua muhula mzima nililielewa nikiwa kwenye foleni ya chakula. Anayefundisha hivyo ungemtilia shaka kwa lipi?

Nilipotaka kuthibitisha muamala, jina lililojitokeza lilikuwa la mwanamke. Nikamwuliza, akajibu papo hapo kwamba laini ni ya dada yake kwa kuwa yake imefungwa, nikaweka namba ya siri.

Faili lilipofika, ukurasa wa kwanza ulikuwa ule ule wa picha. Kurasa zilizofuata zote zilikuwa majibu ya Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu tunayosoma, lililoacha kuhudumiwa tangu tarehe 1 Januari 2020: print bila mabano na amri ya raw_input kila mahali, mambo ambayo Python 3 haiyakubali, na swali la 7 / 2 limejibiwa 3, ilhali Python 3 tunayotahiniwa inatoa 3.5. Mtu akiyakariri hayo usiku wa kuamkia mtihani, ataandika makosa kwa kujiamini kabisa na sapu, yaani mtihani wa marudio kwa waliofeli, itakuwa inamngoja. Nilipodai hela yangu alinijibu kwamba "mambo ni yale yale", kisha akanizuia nisimwandikie tena.

Mtu wa namna hii hastahili onyo, anastahili kizimba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikutungwa iwe pambo, na kama kweli ni mwanafunzi, chuo kimfukuze, lakini kwanza asimamishwe ubaoni mbele ya wote aliowaibia atuoneshe hiyo 7 / 2 yake.

Akikutumia sampuli, mwambie akuoneshe ukurasa wa katikati utakaouchagua wewe, na ujaribu mstari mmoja kwenye kompyuta ya maabara kabla ya kulipa. Jina la laini nalo mliangalie. Pepa zenyewe, kwa taarifa yenu, maktaba inazo bure.

Namba yake nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Mliolipa kama mimi, msifute ujumbe wa muamala, mnitafute Jumatatu asubuhi twende kituo cha polisi pamoja tukachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu.