Uzoefu Wangu wa Miezi 14 na Mafuta ya Alizeti Yaliyokamuliwa Singida

Kwa miezi 14 sasa jikoni kwangu hapa Arusha tunapikia mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo mkoani Singida, na ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya mama au baba wa nyumba anayetaka kuyahama mafuta aliyoyazoea lakini hajui ataanzia wapi. Sisi tulianzia hospitalini. Mume wangu alipopimwa damu, lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayofahamika kwa kifupi LDL, ilikuwa milimoli 4.1 kwa lita ya damu, na daktari akaniuliza maswali mawili: mnapikia mafuta gani, na mnatumia kiasi gani? La kwanza nililijibu papo hapo, kwamba ni yale mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ya rangi ya dhahabu, ambayo duka la mtaani hutupimia kutoka kwenye dumu. La pili lilinishinda kabisa, ingawa ni mimi ninayepika kila siku.

Niliporudi nyumbani nikapiga hesabu. Tuko watu sita, na dumu la lita 5 lilikuwa likituishia kwa wiki tatu, maana yake ni takriban gramu 36 za mafuta kwa kila mtu kwa siku, kabla sijahesabu nyama, maziwa, karanga na maandazi ya kununua. Katika mafuta ya mawese yaliyosafishwa, zaidi ya sehemu nne katika kumi ni mafuta ya asili ya kuganda, yaani yale yanayopandisha lehemu mbaya katika damu, na kwa hesabu hiyo kila mmoja wetu alikuwa akipata gramu 15 hivi za mafuta hayo kutoka kwenye sufuria peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Tulikuwa tumeshaimaliza theluthi mbili ya kiwango hicho kabla kipande cha nyama hakijaingia mezani. Kiasi kilekile cha mafuta kingekuwa cha alizeti, mafuta ya kuganda yangekuwa gramu 4 tu, kwa sababu katika alizeti sehemu hiyo ni kama moja tu katika kumi, na nyingi kati ya zilizobaki ni mafuta laini yanayosaidia kuishusha lehemu mbaya pale yanapochukua nafasi ya yale ya kuganda.

Kabla ya hapo nilikuwa nikichagua mafuta kwa kusoma maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye chupa, hasa yale yanayosema kwamba mafuta haya hayana lehemu. Ningependa kila mnunuzi afahamu kwamba maneno hayo hayamsaidii kuchagua, kwa kuwa lehemu hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, na mafuta ya mmea hayana kiasi cha kuhesabika, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Cha kutafuta ni yale maandishi madogo ya nyuma yanayoonyesha ni gramu ngapi za mafuta ya kuganda zimo katika kila gramu 100. Mahali hapo ndipo chupa mbili zinazofanana kwa sura hutofautiana mara nne.

Wifi yangu analima alizeti Singida, na baada ya mavuno alinipelekea gunia moja mashineni. Gunia la kilo 65 lilitoa lita 16 za mafuta, na mwenye mashine akabaki na mashudu, ambayo wafugaji huyanunua kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Mafuta yalipofika yalikuwa na rangi iliyokolea kuliko ya dukani, karibu na ya asali nyepesi, na ukifungua dumu harufu ya mbegu iliyokaangwa inakupokea. Chini kulikuwa na mashapo ya kahawia. Siku ya kwanza niliyamimina kwenye kikaango kama nilivyozoea, na kabla kitunguu hakijaanza kubadilika rangi povu jeupe lilipanda hadi ukingoni, nikaondoa kikaango motoni haraka nikidhani nimeuziwa mafuta yenye maji. Wifi alinieleza kwa simu: «Wifi, hayo ni mabichi bado. Yaache yatulie siku nne, mimina ya juu polepole, ya chini usiyaguse.» Povu hilo hutokana na utomvu wa asili wa mbegu ambao viwanda vikubwa huuondoa wakati wa kusafisha, na kweli, baada ya kuyatuliza na kuyachuja kwa kitambaa safi cha pamba, lilipungua sana, ingawa halikuisha.

Mafuta ya gunia hilo yalipokaribia kwisha nilifanya kosa lililonifundisha zaidi ya yote. Nikiwa safarini nilinunua madumu mawili kando ya barabara kuu, kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni alizeti tupu na kwamba yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Rangi ilikuwa nzuri, na harufu ilikuwepo kwa mbali. Ilikuwa mwezi wa Julai, na asubuhi za Julai huku kwetu ni za baridi; siku ya tatu nikakuta chini ya dumu pametanda tabaka jeupe, zito kama uji uliopoa. Nikajaza mafuta hayo kwenye chupa ndogo, na yale ya wifi yaliyobaki kidogo kwenye chupa nyingine, nikaziweka zote mbili ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi chupa ya wifi ilikuwa na ukungu mwembamba tu, na nilipoinamisha yalitiririka bila shida. Ya barabarani ilikuwa imejaa chengachenga nyeupe zaidi ya nusu, na nilipoigeuza juu chini mafuta yalining'inia palepale. Nilikuwa nimelipia bei ya alizeti kwa mchanganyiko wa mawese, na uchungu wangu mkubwa haukuwa wa fedha, bali ni kwamba nilikuwa nimempikia mgonjwa wangu kwa siku tatu nikiamini ninamlinda.

Tangu hapo kila dumu jipya hupita kwanza kwenye friji. Ukungu usikutishe, kwa sababu ganda la mbegu ya alizeti lina nta inayoonekana mafuta yakipoa. Kinachotia shaka ni kuganda kwa chengachenga au kwa tabaka zito. Kipimo hiki kina mpaka wake, kwani hakitamfichua mtu aliyechanganya na mafuta mengine yasiyoganda kama ya soya, kwa hiyo bado ninapenda kununua kwa mtu ninayemjua, au bidhaa iliyofungwa kiwandani na yenye nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Katika kupika, mafuta haya yana kazi yanayoifanya vizuri mno na kazi yanayoshindwa. Kwa kuunga mchicha, mnafu, maharage na njegere sijapata mengine ya kuyashinda, kwa sababu ile harufu ya mbegu hukaa ndani ya mboga, na kijiko kimoja huleta ladha ambayo zamani niliitafuta kwa vijiko vitatu. Kwa maandazi, sambusa na samaki wa kuzamisha hayafai. Yakiwa hayajasafishwa hutoa moshi mapema, povu hufunika maandazi usione yanavyoiva, na mafuta laini ya aina hii huharibika upesi yakikaa motoni muda mrefu. Kwa hiyo siku za kukaanga ninatumia alizeti iliyosafishwa kiwandani, ambayo huvumilia moto mkali, nayachuja yakishapoa na kuyatumia mara ya pili tu. Yakigeuka meusi au kuwa mazito hayarudi tena jikoni. Ninasema hivi kwa uzito, kwa kuwa wengi tunachagua mafuta mazuri nyumbani kisha tunawanunulia watoto chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyochemka tangu juzi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabadiliko yetu ilitokana na kijiko. Kila aina ya mafuta, iwe alizeti, mzeituni au samli, ina kilokalori 9 kwa gramu, na kijiko kikubwa kimoja kina 120 hivi, hivyo anayehamia mafuta bora kisha akayamwaga bila kipimo atanenepa vilevile. Mimi nililelewa kuamini kwamba mchuzi haujaiva mpaka mafuta yaelee juu, na mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alitazama mchuzi wangu wa kwanza wa vijiko vitatu akauliza kama mafuta yamepanda bei. Nilimweleza taratibu habari za vipimo vya mwanawe, na kesho yake ni yeye aliyenionyesha namna ya kukaanga kitunguu kwa mafuta machache: funika sufuria, moto mdogo, na kijiko cha maji kila kinapotaka kushika chini. Leo lita 5 zinatutosha wiki tano, sawa na kijiko kimoja na nusu kwa mtu kwa siku.

Kuna mambo ambayo mafuta haya hayakupi. Kanuni za Tanzania zinavitaka viwanda kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula, lakini yanayotoka kwenye mashine ndogo kama ile ya wifi hayajaongezewa, ingawa yana vitamini E nyingi kwa asili. Mwenye watoto wadogo asilipuuze hilo. Mimi ninahakikisha karoti, maembe, mboga za majani na viazi vitamu vya rangi ya chungwa havikosekani, na dada yangu aliyeolewa Kigoma huniletea chupa ya mawese mekundu, ambayo wekundu wake wenyewe ni malighafi ya vitamini A. Ninayatumia kwa nadra, kijiko kimoja kwenye maharage, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda kama ndugu zake waliosafishwa. Alizeti pia haina omega-3 ya kutosha, yaani aina ya mafuta laini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na hiyo tunaitafuta kwenye dagaa na samaki.

Nimeulizwa sana kuhusu nazi, na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Tanga jibu langu halinifurahishi. Mafuta ya nazi yana mafuta ya kuganda zaidi ya asilimia 80, mengi kuliko hata samli. Wali wa nazi umebaki kwangu kuwa chakula cha Jumapili, na siku hiyo mboga haipati mafuta mengine. Mafuta ya mzeituni ni mazuri kwa afya, lakini kwa familia ya watu sita bei yake haizungumziki. Kuhusu yale mazito ya kopo, soma lebo: ikiwa imeandikwa kwamba mafuta yamegandishwa kwa hidrojeni, yaache dukani, kwa kuwa njia hiyo ikiishia katikati huzalisha mafuta ya transi, mabaya kwa moyo kuliko hata yale ya kuganda kwa asili.

Mume wangu alipopimwa tena baada ya miezi sita LDL yake ilikuwa 3.3. Siwezi kuyapa mafuta sifa yote, maana wakati huohuo alianza kutembea kila jioni na kupunguza nyama choma, na daktari bado anamfuatilia. Kwa bei, ninanunua mafuta mengi kati ya Mei na Julai wakati wa mavuno, kisha ninayahifadhi katika madumu yaliyofungwa vizuri, ndani ya kabati lenye giza, mbali na jiko. Niliwahi kuacha chupa moja angavu dirishani kwa mwezi mzima, ikaota harufu kali kama ya rangi ya mlango mpya, nikaitupa yote.

Kwa anayeunga mboga kila siku na mwenye mtu wa kumwamini mashineni, ninayapendekeza bila kusita. Kwa anayekaanga vitafunwa vya kuuza, au mwenye mtoto mchanga na asiye na uhakika wa mboga na matunda, achukue alizeti iliyosafishwa na kuongezewa vitamini A. Gunia letu la mwaka huu liko tayari kwa wifi, na ameahidi kututumia mafuta yake yakishatulia.