Dar hadi Songwe kwa ndege: inafaa, ila chagua saa

Kwa barabara, Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, yaani siku nzima ndani ya basi. Tangu kiwanja cha ndege cha Songwe kichukue nafasi ya kile cha zamani cha mjini Mbeya mwaka 2012, safari hiyo ni ya saa chache. Njia ya lami ina zaidi ya kilomita 3, hivyo Airbus A220 ya Air Tanzania inatua, wakati kule mjini palitua ndege ndogo tu.

Udhaifu wake ni ukungu. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi rubani huweza kukosa kuiona njia. Ndege huzunguka angani au kurudi ilikotoka. Mwenye kikao saa nne asubuhi aende jana yake.

Wanaounganisha kutoka nje wasidanganyike na muda mfupi kwenye tiketi. Kwenye uwanja wa ndege wa Dar, ndege za kimataifa nyingi hutumia Jengo la 3, za ndani huondokea Jengo la 2: uhamiaji, mizigo, kuhama jengo, kukaguliwa upya. Saa tatu ndizo salama, hasa kwa tiketi mbili tofauti, maana ukichelewa hasara ni yako.

Kutoka mjini Mbeya hadi kiwanjani ni zaidi ya kilomita 20 kupitia Mbalizi. Lori moja la Tunduma likikwama mlimani Iwambi, foleni haina huruma. Toka mjini saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Nauli ya teksi patana kabla ya kupakia mizigo.